Damu Yetu Inajua Tulichokula

Msimu huu wa mavuno wazazi kadhaa wametuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, hospitali inaweza kupima damu ikajua kama mtu ana sumu mwilini? Wengine wanauliza kwa sababu ya mahindi yaliyoota ukungu darini. Wengine wanauliza kwa sababu baba wa nyumbani amekuwa akipuliza dawa kwenye tumbaku au kahawa, na sasa analalamika kichwa, macho na tumbo.

Jibu letu ni ndiyo, inawezekana. Lakini si kwa namna ambayo wengi wanafikiri, wala si kwa vile vimashine vinavyoletwa minadani, ambapo mtu hushikishwa chuma kidogo, akasomewa orodha ndefu ya sumu zake, kisha akauziwa chupa ya kuzisafisha. Kile si kipimo. Hakuna damu iliyotoka wala maabara iliyohusika, na fedha ya chupa ile ingenunua turubai la kuanikia mahindi.

Tuanze na damu yenyewe. Damu si maji mekundu matupu. Ndani yake mna protini za aina nyingi, na kila moja ina kazi yake. Himoglobini, iliyomo katika chembe nyekundu, hubeba hewa safi. Albumini huelea katika maji ya damu na kubeba vitu mbalimbali kutoka mahali hadi mahali. Kuna pia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake katika mishipa ya fahamu ni kuzima ishara baada ya kufika kwenye misuli, ili misuli isiendelee kukaza bila kikomo.

Sasa basi, sumu nyingi hazikai mwilini muda mrefu. Ukiitafuta sumu yenyewe leo waweza kuikosa, kwa kuwa ilishatoka na mkojo juzi. Ila baadhi yake zikipita huacha alama. Hung'ang'ania protini za damu, na alama ile hubaki mpaka protini iliyoibeba ichakae na mwili utengeneze nyingine. Wagonjwa wa kisukari wanaohudhuria kliniki wanalifahamu jambo hili. Mtu aweza kujinyima siku mbili kabla ya kuonana na daktari, na sukari yake ya asubuhi ikaonekana nzuri. Lakini kipo kipimo kinachoangalia sukari iliyonata kwenye himoglobini, nacho hueleza habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Hapo hakuna kudanganya. Hali kadhalika, aliyelala na jiko la mkaa chumbani hukutwa himoglobini yake imeshikwa na moshi ule usio na rangi wala harufu, kiasi kwamba nafasi ya hewa safi haipo.

Kwa sumu ya mahindi na karanga, protini inayotunza kumbukumbu ni albumini.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini, na siku hizi maofisa kilimo hapa kwetu huiita sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu, hasa yule aitwaye Aspergillus flavus. Dunia iliitambua baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Mtu akila chakula chenye sumu hiyo, ini huigeuza, na sehemu ya iliyogeuzwa hunata kwenye albumini. Kwa kuwa nusu ya albumini yetu hubadilishwa kila baada ya siku 20 hivi, tone la damu la leo hueleza mlo wa wiki nyingi zilizopita. Mama aweza kusahau mwezi ule walikula mahindi ya gunia gani. Albumini haisahau.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Mwaka 1981 huko Machakos, Kenya, wagonjwa 20 walilazwa kwa homa ya manjano ya ini iliyotokana na mahindi mabovu, na 12 wakafariki. Mwaka 2004 yakarudi katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake: waliougua 317, waliokufa 125. Wataalamu walipolinganisha damu, walikuta alama ya sumu kwenye albumini ya waliougua ni kubwa kuliko ya majirani zao wazima. Mahindi yalikuwa ya shamba la nyumbani, yaliyohifadhiwa mabichi. Na mwaka 2016 ikawa zamu yetu Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Macho yalikuwa manjano, tumbo limejaa, miguu imevimba, wanatapika. Ni wepesi wangapi miongoni mwetu ambao wangeona dalili hizo wakasema mtoto amelogwa?

Hata hivyo, vifo hivyo vya ghafla si habari kubwa kuliko zote. Habari kubwa ni ya watu wasioonekana wagonjwa. Nchini Kenya, damu iliyokuwa imekusanywa mwaka 2007 katika uchunguzi wa UKIMWI ilichukuliwa baadaye, sampuli 600, ikapimwa alama ya aflatoksini. Asilimia 78 walikuwa nayo. Hao hawakuwa wagonjwa wa wodini, walikuwa raia wa kawaida. Benin na Togo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watoto 480 walipimwa na asilimia 99 walikutwa na alama, na waliodumaa walikuwa nayo nyingi zaidi. Na hapa nchini, wataalamu waliwafuatilia watoto 166 wa vijiji vya Tabora, Iringa na Kilimanjaro, matokeo yakatolewa mwaka 2015. Mwanzoni, walipokuwa na umri wa miezi 6 hadi 14, wastani wa alama ulikuwa pikogramu 4.7 kwa kila miligramu ya albumini. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa 23.5.

Tafadhali rudieni tarakimu hizo mbili. Katika mwaka ule mmoja mtoto anapunguza kunyonya na kuingia kwenye sufuria ya familia, na alama inaongezeka mara tano. Ni uji na ugali. Ni haki kusema pia kwamba katika utafiti huo wa Tanzania, kudumaa kulionekana kuhusiana zaidi na sumu nyingine ya kuvu wa mahindi, fumonisini, ambayo hupimwa kwenye mkojo. Lakini sumu zote mbili zinatoka kwenye gunia lile lile, basi kwa mama anayesonga ugali tofauti hiyo haimpunguzii kazi.

Tena kuna ini. Huko Shanghai, China, katika miaka ya 1990, wanaume waliopimwa walionyesha hivi: mwenye alama za aflatoksini peke yake hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa karibu mara 3 ya asiye nazo, mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B peke yake, mara 7, mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Si kujumlisha, ni kuzidisha. Ndiyo maana sisi wauguzi huwa wakali mama asipomaliza chanjo za mtoto. Chanjo ya homa ya ini B imo katika chanjo za watoto nchini tangu mwaka 2002, hailipiwi, na inaondoa ule moto mmoja kati ya miwili. Wa pili unabaki jikoni.

Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Wengi wetu tunakumbuka kelele zilizopigwa. Wafanyabiashara walilalamika, magari yalikwama mpakani, watu wakahesabu hasara ya kila gunia. Malalamiko yale yalikuwa na haki yake, kwani mkulima anaishi kwa soko. Lakini sisi tulijiuliza jambo moja: mahindi yanayokataliwa mpakani, yakirudi, yanaliwa na nani? Kiwango kinachoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Mnunuzi wa mbali ana mtu wa kumpimia. Mtoto wa Kibondo hana.

Na milima yetu hii ina tabia yake. Mvua hutunyeshea tangu Oktoba hadi Mei, hivyo mahindi ya mapema huvunwa bado mvua ipo. Yanavunwa na unyevu, yanamwagwa chini uani, yanaanikwa kati ya mvua na mvua, jioni yanakusanywa yakiwa vuguvugu na kurundikwa ndani. Hiyo ndiyo neema ya kuvu. Karanga nazo hung'olewa na kulundikwa pamoja na udongo wake. Hatusemi watu ni wavivu. Anayesema hivyo hajawahi kulinda mahindi na mawingu yakija kutoka ng'ambo ya bonde. Tunasema tu kwamba jua ni chache na turubai halipo.

Je, kila familia ije ipimwe alama hiyo ya albumini? Hapana, na hapa twaweza kuwashangaza baadhi yenu. Kipimo kile hufanywa katika maabara chache kubwa, ni ghali, na mtu akiambiwa anayo, hakuna kidonge cha kuitoa. Dawa yake ni chakula safi, na chakula safi hakisubiri majibu ya maabara. Kumtoza mama fedha ili aambiwe kile ambacho damu ya watoto wa Tabora imekwisha kutueleza, kwetu sisi ni kumwonea.

Faida ya kipimo ni kwa kijiji na wilaya, siyo kwa mtu mmoja. Mfano bora unatoka Guinea, eneo la Kindia. Vijiji 20 viligawanywa, 10 vikafundishwa mambo mepesi ya kutunza karanga: kuchambua kwa mkono na kutupa mbovu, kuanika juu ya mkeka badala ya udongo, kuhakikisha zimekauka, kutumia magunia ya nyuzi za asili badala ya ya plastiki, kuyapanga juu ya mbao badala ya sakafuni, na kunyunyiza dawa ya wadudu chini yake. Vijiji 10 vingine viliendelea kama kawaida. Watu 600 walitolewa damu. Baada ya miezi mitano, alama katika damu ya waliofundishwa ilikuwa chini ya nusu ya wenzao, na wasiokutwa na alama kabisa walikuwa 20 kwa kila 100, ambapo upande wa pili walikuwa 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Mkeka na mkono wa mama ndivyo vilivyoleta matokeo hayo, na albumini ikatoa ushahidi.

Serikali yetu, kupitia mradi wa TANIPAC wa kudhibiti sumukuvu uliotekelezwa tangu mwaka 2019, iliziweka Kibondo, Kasulu na Buhigwe miongoni mwa wilaya zake. Tulifurahi. Ghala ni kitu chema na mafunzo ni kitu chema. Ombi letu kwa wahusika ni hili: mafanikio yasihesabiwe kwa maghala na semina peke yake. Wachague vijiji vichache, wachukue damu kidogo ya watoto kabla na baada, kama walivyofanya Guinea. Alama ikishuka, tutajua fedha imefika kwenye sufuria. Isiposhuka, tutajua pia, na itakuwa heri kujua mapema.

Tugeukie wapuliza dawa, maana kwao msimamo wetu ni tofauti kabisa. Hao tunataka wapimwe mmoja mmoja.

Dawa nyingi za kuulia wadudu, za jamii ziitwazo oganofosfeti na kabameti, huua mdudu kwa kuifunga kolinesterasi yake. Kwa bahati mbaya kolinesterasi yetu hufungwa vilevile. Ishara za fahamu hazizimwi. Mtu hutoka jasho na mate mengi, machozi, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, anatapika, anaharisha, misuli inacheza yenyewe, kifua kinajaa. Akifikishwa mapema, anavuliwa nguo, anaoshwa na kupewa atropini, na wengi hupona. Hao tunawatambua. Tunaowakosa ni wale ambao kolinesterasi yao imeshuka polepole, wiki baada ya wiki, na dalili zao ni kichwa, uchovu, kizunguzungu na macho kuona kiza. Huyo hupewa dawa ya malaria, hupumzika siku mbili, kisha huchukua bomba lake na kurudi shambani.

Nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, watu 666 walipimwa kolinesterasi ya damu: wafanyakazi wa maua Naivasha, wakulima wa pamba Homa Bay, wa mboga Wundanyi, wa tumbaku Migori, na wengine wasiogusa dawa. Kwa waliozitumia, kimeng'enya kilikuwa kimeshuka kwa theluthi moja kwa wastani. Watu wa tumbaku walishuka kidogo kuliko wengine, yapata robo. Robo si kidogo, enyi ndugu wa tumbaku. Kwa upande wa pili, uchunguzi wa wakulima wadogo wa kahawa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2001, haukuona tofauti kubwa kati ya waliopuliza na wasiopuliza. Tunalitaja hili ili mtu asiogope kupita kiasi. Kipimo chenye manufaa ni kile kinachoweza pia kumwambia mtu kwamba yu salama.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba tone la kidoleni linatosha, na vipo vifaa vidogo vya kubeba mkononi vinavyotoa jibu papo hapo. Ugumu wake ni mmoja: watu hatufanani. Kiwango cha chini cha mmoja ni cha kawaida kwa mwingine. Kwa hiyo lazima upimwe mara ya kwanza kabla ya msimu wa kupuliza, ukiwa huna dawa mwilini, kisha upimwe tena katikati ya msimu na kujilinganisha na wewe mwenyewe. Jimbo la California huko Marekani limeliweka hili katika sheria tangu miaka ya 1970: kimeng'enya cha mtu kikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake, mwajiri achunguze namna kazi inavyofanyika, kikishuka hadi asilimia 70 katika chembe nyekundu, mtu huyo aondolewe kwenye dawa mpaka kirudi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kurudi huchukua wiki nyingi. Wala kipimo hiki hakioni kila sumu. Dawa za kuua magugu, kwa mfano, hazigusi kolinesterasi, nazo zina madhara yake.

Tunaomba basi kampuni zinazonunua tumbaku na vyama vya ushirika, ambao huleta dawa kwa mkopo na kukata fedha zao wakati wa mauzo, waweke katika hesabu ile ile bei ya kumpima anayepuliza. Mkulima anakatwa mbolea, anakatwa dawa, anakatwa magunia. Afya yake haimo kwenye karatasi. Halmashauri za Kibondo na Kasulu zikikubali, vituo vya afya vyaweza kufanya kazi hii mara mbili kwa mwaka bila kujenga hata chumba kimoja.

Litakuja suala la kuogopa kutoa damu. Tumewasikia wanaonong'ona habari za mumiani kila wageni wanapokuja na chupa zao, na sisi hatuwacheki. Watu wametolewa damu mara nyingi na watafiti, gari likaondoka na jibu halikurudi. Anayetaka damu ya watoto wetu aeleze kwanza anatafuta nini, aombe ruhusa ya wazazi, na baadaye arudi mkutanoni kijijini kuwasomea alichokiona. Asiyeweza kuahidi hivyo, mzazi ana haki ya kumkatalia, na sisi wauguzi tutasimama naye.

Wakati tunangoja hayo, kazi ya nyumbani ipo. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka. Kujua kama yamekauka, tieni punje kiganja kimoja na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, mtikise kwa dakika chache; chumvi ikiganda kwenye kioo, bado ni mabichi. Mifuko ile isiyopitisha hewa hufaa sana, lakini ukifungia mahindi mabichi humo umejifungia balaa. Kuchambua kufanyike kabla ya kusaga, na karanga za unga wa lishe wa mtoto zichaguliwe moja moja. Msinunue unga wa lishe msiojua karanga zake zilikuwaje. Kupika hakuui sumu hii, wala kukaanga. Kukoboa hupunguza sehemu yake, lakini hakufanyi punje mbovu kuwa nzuri.

Na zile mbovu zilizochambuliwa zisipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa, na zisipelekwe kwa mama wa pombe. Pombe haiichujii sumu hiyo, huisambaza tu kwa wanywaji wengi zaidi. Chimbeni shimo mbali na kisima, mzifukie.